Likizo ya Juni Mikindani: bibi alifungua daftari la mikorosho, nikaumbuka mbele ya wanangu

Baba wa Watatu #1

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu, nasoma nyuzi za watu na kupita. Leo naleta wangu, maana kuna jambo lilinikuta likizo ya Juni 2025 nyumbani Mtwara, na kila nikilikumbuka nacheka peke yangu kwenye daladala mpaka konda ananitazama. Nitaandika kwa awamu, naandikia simu na betri imechoka kama mwenye simu.

Kwanza mnifahamu. Kwetu Mikindani, hapo kama kilomita kumi kabla hujaingia Mtwara mjini. Sasa naishi Mbagala. Mama watoto ni Mhehe, kwao Iringa, bahari ameijulia ukubwani. Watoto watatu: kijana wa miaka 14, binti wa miaka 11, na kitinda mimba wa miaka 6, dume. Mama yangu mzazi, yaani bibi yao, anakaa kijijini nyuma kidogo ya Mikindani, bodaboda dakika ishirini. Ana kishamba cha mikorosho na ana maneno machache.

Wakubwa wawili walifika kwa bibi mara ya mwisho 2018. Huyu mdogo hajawahi kabisa. Sababu mnazijua: nauli ya watu watano, ada, kodi, na kila Desemba nasema "mwakani, Mungu akipenda".

Tukaondoka Mbagala alfajiri na basi. Sasa mimi nilikuwa na hamu na sehemu moja tu ya safari ile: daraja la Rufiji. Waliokula chumvi Kusini wananielewa. Miaka ya tisini nilikuwa nasoma Dar kwa baba mdogo, likizo narudi kwa mama. Barabara ilikuwa tope na mchanga, na pale Ndundu mnavuka kwa pantoni. Mto ukifurika pantoni haiendi. Mnashuka, mnalala. Mwaka 1996 tulilala pale siku mbili. Abiria wakawa ukoo: mama mmoja alikuwa na mchele, mwingine sufuria, mzee mmoja alikuwa anapeleka majogoo wawili harusini Lindi, harusi ikakosa majogoo. Usiku mbu, na hakuna aliyethubutu kusogelea maji kwa sababu ya mamba.

Basi tulipopita Ikwiriri nikawaamsha wote. "Amkeni, daraja la Mkapa hili! Karibu kilomita moja! Lilifunguliwa 2003!" Binti akafungua jicho moja, akatazama nje, akasema, "Baba, ni daraja tu." Akalala. Kijana, nilipomsimulia habari ya siku mbili, akauliza kwa nini tusingepanda ndege.

Nikanywea. Lakini kiti cha nyuma kulikuwa na mzee wa kofia, akasikia neno Ndundu. Akainama katikati ya viti: "Wajukuu, babenu hasemi uongo. Mie pale nililala siku tano, nikatoka na rafiki, hadi leo tunazikana." Akaanza kusimulia. Mpaka tunafika Somanga watoto wote watatu wamegeukia nyuma, wamepiga magoti kwenye viti. Somanga kwenyewe mzee akawaonyesha mahali maji yalipokata barabara Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mabasi yakarudi kulala njiani kama zamani. Mzee aliposhuka Lindi, kitinda mimba wangu alilia. Mimi baba yao nimesimulia habari ileile, nikaambiwa nipande ndege.

Inaendelea.

Nimekaa Mkekani #2

Lete vitu mkuu, nimeshaweka kahawa jikoni.

Samaki Nchanga #3

Ntwara kucheleee! Mkuu usisahau kutuambia kama mama watoto wa Kihehe alionjeshwa samaki nchanga. Wenye kujua tunajua, wasiojua waulize wakiwa wameshiba.

Dada wa Shangani #4

Samahani kaka, nitakuwa wa kwanza kukuchoma. Miaka saba watoto hawajamwona bibi yao, na yuko nchi hiihii, barabara ya lami tupu? Watu walilala na mamba na bado walikuwa wanakwenda kila likizo. Wewe una daraja unaliita "sababu mnazijua". Haya endelea.

Baba wa Watatu #5

@Dada wa Shangani umepiga penyewe, na subiri, mbele huko nimepigwa zaidi yako. @Samaki Nchanga tulia, utapata haki yako.

Sehemu ya pili.

Tulishuka Mikindani jua linaelekea kuzama, hori limetulia, mitumbwi imelala ubavu kwenye tope. Bodaboda tatu mpaka kwa bibi. Mkeka umeshatandikwa, ndoo ya maji ya kunawa ipo, na sinia la ming'oko linafuka moshi. Watoto wakapiga magoti, "Shikamoo bibi." "Marahaba wajukuu zangu." Akawashika mmoja mmoja kichwani. Alipofika kwa yule mdogo akamtazama sana.

"Huyu ndiye wa kwenye simu?"

"Ndiye, mama."

"Ana miaka sita, hana nkorosho."

Hakusema zaidi. Sikumwelewa, nikadhani uzee.

Mama watoto alipewa ming'oko akauliza kisu kiko wapi. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu. "Nkwe wangu, hii haikatwi. Menya kwa vidole, chovya chumvi na pilipili, tafuna." Wasioijua: ming'oko ni mizizi ya porini, myembamba mirefu, inachimbwa na kuchemshwa. Mhehe wangu alimaliza sinia nusu. Kuhusu samaki nchanga, yaani panya wa shamba wa kubanikwa, aliletewa siku ya pili na jirani kwa mzaha. Akasema kwao Iringa zimo hadithi mbaya zaidi ya hiyo kuhusu Wahehe na nyama fulani inayobweka, hivyo hatishiki. Hakula lakini. Kijana alikula mmoja akasema ni kuku mwenye mkia.

Siku ya tatu bamvua. Mwezi ulikuwa umeandama siku mbili nyuma, maji yakapwa mpaka mwamba wote ukabaki mtupu. Wanawake wa pale wakashuka na ndoo na fimbo za chuma, na bibi mbele yao. Mama yangu ana miaka sabini na ushee, nyumbani anatembea ameshika kiuno, ila kule mwambani anaruka jiwe hadi jiwe kama kanga. Sisi nyuma na yeboyebo zetu tunateleza.

Akasimama juu ya tundu. Mimi sioni kitu. Akawaita watoto: "Tazameni mlangoni pake." Mbele ya tundu kulikuwa na maganda ya makombe na vipande vya magamba ya kaa. "Pweza akila hutupa mabaki nje. Mlafi hujulikana kwa jalala lake." Akaingiza chuma, akazungusha taratibu, anazungumza naye kwa Kimakonde kama anambembeleza mtoto ale. Pweza akatoka kajaa hasira, kabadilika rangi. Bibi akamkabidhi mkwewe amshike kidogo.

Wakuu. Pweza alipanda mkono wa mama watoto mpaka begani. Yule mwanamke alipiga ukelele ndege wote wakaruka hori zima. Wanawake wale wakakaa chini mwambani kwa kicheko. Lakini hakumwachia! Alikuwa analia huku kamng'ang'ania, anasema "nimemshika mama, nimemshika." Tangu saa ile pale kijijini haitwi tena mkwe wa fulani, anaitwa Mama Pweza. Jioni tulimla kwa tui zito na ugali wa muhogo, baada ya bibi kumpigapiga mwambani mpaka akalainika. Mama watoto alijipakulia mkia wa mkono uleule uliomkaba.

Kati ya hapo niliwatembeza Mikindani: Boma la Mjerumani la 1895, siku hizi hoteli, na nyumba yenye kibao cha Livingstone, aliyeondokea pale 1866 kwenda bara asirudi. Sitarefusha. Watoto walitazama kibao kwa adabu, wakauliza kama duka la barafu liko mbali.

Mtu wa Nangurukuru #6

Mkuu mlipita Nangurukuru hamkukata kushoto kwenda Kilwa Masoko? Mmekosa. Mimi niliwapeleka wangu likizo ya Desemba. Unachukua kibali pale Masoko, unapanda mashua, mara moja uko Kisiwani. Magofu yale yako kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1981, Ibn Battuta alifika 1331 akausifu mji. Nilijiandaa, nikawa nawasomesha kuanzia msikiti mkuu, safu za kuba na nguzo. Wakawa wananifuata kama wanafunzi wenye njaa.

Tulipofika Husuni Kubwa, kwenye lile birika la pembe nane, binti yangu wa miaka tisa akauliza, "Sultani alikuwa anaoga huku anatazama bahari?" Nikasema inawezekana. Akauliza, "Na waliokuwa wanamtekea maji walikuwa wanaoga wapi?" Nilikuwa na majibu ya dhahabu ya Sofala, majibu ya Wareno waliokuja 1505, hilo sikuwa nalo. Mwongozaji naye akatazama viatu vyake.

Mwera wa Mtama #7

Na sisi wa Lindi tuzungumze. Kwetu kuna Tendaguru, mahali Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913. Babu yangu alikuwa akisimulia alivyosimuliwa na wakubwa zake: wapagazi, mizigo ya mifupa kichwani, mguu kwa mguu siku kadhaa mpaka bandarini Lindi, kisha melini. Yule mkubwa amesimamishwa Berlin, kimo chake kwenda juu zaidi ya mita 13.

Likizo moja nikawaahidi watoto nitawaonyesha "kwao dinosaria". Makosa. Walitegemea kuona dinosaria. Wakaona kilima, nyasi na joto. Mmoja akalala kwenye gari. Lakini mkubwa akaniuliza swali, "Babu wa babu alilipwa kubeba?" Nikasema walilipwa ujira mdogo. Akasema, "Na sasa wanaoenda kutazama huko Ujerumani wanalipa kiingilio?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza njia nzima.

Nimekaa Mkekani #8

Watoto wa siku hizi wote ni wakaguzi wa hesabu.

Baba wa Watatu #9

@Mtu wa Nangurukuru Kilwa ilikuwemo kwenye bajeti, bajeti ndiyo haikuwemo mfukoni. @Nimekaa Mkekani umesema bila kujua. Ngoja sehemu ya tatu.

Usiku wa nne. Tumeshakula, kipupwe kinapuliza, watoto wamejifunika vitenge vya bibi. Bibi akaingia ndani, akatoka na mfuko wa nailoni, ile mifuko iliyopigwa marufuku 2019, sijui aliuficha wapi. Ndani yake kuna kitambaa, ndani ya kitambaa kuna daftari kubwa la jalada gumu.

Akasema na wajukuu, siyo na mimi: "Kila nliyezaliwa, nlipandiwa nkorosho wenu. Mimi nautunza tu. Leo nataka kila ntu ajue hesabu yake."

Nilikuwa najua habari ya mikorosho ya wajukuu. Kwetu siyo ajabu, mjukuu akizaliwa bibi au babu anaweza kumwonyesha mti, "huu wako". Nilidhani ni maneno ya mapenzi tu, kama kumwambia mtoto nyota ile yako. Kumbe mama yangu tangu mti wa kwanza unaanza kuzaa alikuwa anapima korosho zake peke yake, anaandika.

Macho yake hayasomi tena usiku. Na daftari lote kaandika kwa hati za Kiarabu, kama alivyofundishwa chuo cha Kurani akiwa mdogo, Kiswahili kitupu ndani ya herufi za Kiarabu. Mama watoto hajui, mimi nimeshasahau. Akamsukumia kijana: "Wewe unasoma madrasa. Soma."

Kijana akaanza na mti wa dada yake. Herufi hazina irabu, basi anasoma kwa kubahatisha, bibi anamrekebisha kwa kichwa, maana yote anayo moyoni. Mti umeanza 2017, kilo moja. 2018 kilo tatu. Hapo bibi kaandika "Serikali", maana ndiyo msimu Serikali ilipozinunua yenyewe kwa 3,300 kilo, wanajeshi wakazisomba. Msimu baada ya msimu mpaka wa 2024, bei ilipopita elfu nne mnadani, kilo saba. Kila mwaka kuna mstari wa makato. Chini kabisa jumla.

Bibi akafungua pembe ya kanga, akahesabu mbele ya watu wote: shilingi 64,500. Akampa binti mkononi.

Binti akahesabu tena. Halafu, mwanangu huyu, akauliza: "Bibi, hiki cha salfa kila mwaka ni nini?"

Naona betri asilimia nne. Narudi.

Mpulizaji Mstaafu #10

Swali la binti ni la msingi. Mimi nimepuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, Tandahimba miaka kumi na moja. Salfa si ya ruzuku siku hizi, wakulima wanagawiwa bure? Bibi anakata hela ya nini? Asije akawa bibi naye ni kangomba!

Dada wa Shangani #11

Wewe Mpulizaji umwombe radhi mama wa watu. Kangomba ni wale walanguzi wanaopima korosho za watu kwa kibaba kabla ya msimu. Bibi kapima kwa kilo na kaandika. AMCOS ngapi, hivi vyama vya ushirika vya wakulima, zinaandika hivyo?

Mpulizaji Mstaafu #12

Naomba radhi kwa bibi, siyo kwako.

Mwera wa Mtama #13

Wapagazi wa Tendaguru wangekuwa na bibi kama huyu tungejua leo tunadai kilo ngapi za mifupa.

Baba wa Watatu #14

Nimerudi, simu iko kwenye chaja.

@Mpulizaji Mstaafu jibu la bibi lilikuwa hili: ruzuku ni ya hivi karibuni, zamani mfuko tulinunua. Na salfa ikiwa bure, mpulizaji si bure, petroli ya mashine si bure. Alimwonyesha binti kwenye daftari mwaka ambao mstari wa kununua umekoma na umebaki wa mpulizaji tu. Binti akaridhika. Akafunga hela yake kwenye pembe ya kanga vilevile kama bibi.

Ikafika zamu ya kijana. Mti wake ndio mkubwa, nilikuwapo tunaupanda Desemba 2011, mvua inatunyeshea. Umeanza kuzaa mapema, kilo nyingi. Anasoma kwa majivuno, 2014, 2015, kila mwaka anapaza sauti. Nikamwona dada yake anaanza kununa. Wakafika 2020. Hapo kijana akakwama.

"Bibi, hapa si hesabu. Hapa ni neno."

"Soma."

"Ba... ba. Baba yake. Baba yake ka... kakuba?"

"Endelea."

"Kakoba? Kakaba?"

"Kakopa, njukuu wangu," akasema bibi, polepole. "Baba yake kakopa. Mbele hapo kuna tarakimu."

"Elfu sitini."

Wakuu, kimya kile sijawahi kukisikia. Hata kusi lilisimama.

Nikakumbuka. Ilikuwa wakati wa korona, kazi imesimama, mwenye nyumba anagonga mlango kila asubuhi. Nilimpigia mama, nikamwambia nisaidie, nitarudisha mwezi ujao. Akanitumia 60,000 kupitia simu ya mtoto wa mjomba. Mimi nikajua ni hela yake. Hakuniambia katoa wapi, sikuuliza. Na kwa haki ya Mungu nilishasahau.

"Mama," nikasema, "si ungeniambia ni ya mtoto."

"Ungeikataa?"

Sikujibu.

"Basi. Mimi hela ya ntu siifichi. Nkorosho si wangu, ni wa ntoto. Ulisema mwezi ujao, nikaandika mwezi ujao."

Kijana akatazama daftari, akanitazama mimi. Akauliza kwa heshima zote, wala hakuwa na kejeli, na ndiyo maana iliniuma: "Baba, mwezi ujao umeshafika?"

Mama watoto alijaribu kujizuia. Alitazama juu, akang'ata kanga. Kisha akainuka, akatoka nje uani, tukamsikia kule gizani anacheka na mbuzi wa jirani wanaitikia. Bibi akampa kijana kilichobaki, 41,000, na kalamu. Akamwambia andika mwenyewe, kwa hati yoyote: deni bado.

Samaki Nchanga #15

Nimecheka nimemwamsha mtoto. "Ungeikataa?" Hilo swali lipelekwe bungeni.

Dada wa Shangani #16

Nafuta nusu ya maneno yangu ya mwanzo. Nusu tu. Na huyu mdogo asiye na mti? Usiuruke huo mstari.

Mtu wa Nangurukuru #17

Mkuu, maadamu ni likizo na wewe una watoto wa kiume, bibi hakuzungumzia jando?

Baba wa Watatu #18

@Mtu wa Nangurukuru alizungumzia. Wote wawili walitahiriwa hospitali Dar wakiwa wadogo. Bibi alisikitika kwa ngoma aliyoikosa, kisha akasema bora mtoto asikose shule, maana kuna jirani yake alichelewa kurudi darasani kwa sababu ya sherehe akawa hafuati tena. Ikaishia hapo.

@Dada wa Shangani siuruki.

Asubuhi ya baada ya daftari bibi alituamsha umande ukiwa bado majani yote. Mpulizaji amefika na mashine mgongoni. Salfa hupulizwa saa hizo, unga unashika kwenye majani na maua machanga, upepo haujaamka, ndiyo kinga ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho. Tukajifunga vitambaa puani. Mashine ikanguruma, wingu la njano likapanda kwenye mikorosho, jua la kwanza likapenya humo. Mdogo alidhani mti unawaka, akanishika mguu. Binti alikuwa na shughuli nyingine: bibi alimwambia kuanzia msimu huu mpulizaji wa mti wake atamlipa yeye. Nikamwona mwanangu wa darasa la tano anapatana bei na mwanaume mwenye mashine, mpaka yule bwana akazima injini ili amsikie vizuri.

Yule mdogo akawa anazunguka mti hadi mti anauliza, "Huu wa nani? Huu je?" Ya kaka, ya dada, ya watoto wa shangazi, ya marehemu babu. Akafika mwisho wa shamba. Akarudi kwa bibi akasimama tu mbele yake.

Bibi akamwambia, "Mti haupandwi na ntu asiyekanyaga shamba. Nlikusubiri uje. Sasa umekuja, lakini umekuja kiangazi." Halafu akanitazama mimi, kwa sekunde moja hivi, akarudi kwa mtoto.

Akaleta kopo la korosho za mbegu na beseni la maji. Wakamwaga zote ndani. Zilizoelea wakaziondoa, zilizozama ndizo zenye moyo. Kati ya zilizozama akamwambia achague mwenyewe. Yule mtoto alichukua karibu nusu saa. Anainua moja, anainusa, anairudisha. Alichagua moja kubwa yenye kovu ubavuni. Bibi akaifunga kwenye kitambaa akampa aende nayo Dar, mvua za Desemba zikianza airudishe wapande wote wawili.

Njia nzima ya kurudi ilikuwa ngumini. Tulipopita daraja la Mkapa sikuamsha mtu. Yeye ndiye alikuwa macho, akaniuliza: "Baba, mto ukifurika tena Desemba, tutalala hapa?" Nikamwambia hapana, kuna daraja. Akaonekana kama kanyimwa kitu.

Ndiyo hivyo wakuu. Picha siweki, mama watoto kakataza ile ya pweza na nyingine zote ni za vidole vyangu.

Nimekaa Mkekani #19

Kahawa imeisha na uzi umeisha, nimeridhika. Ila mkuu, hukutuambia: deni limefikia wapi?

Mpulizaji Mstaafu #20

Naunga mkono hoja. Na huyo binti akikua anitafute, nimfundishe kupuliza, kupatana bei keshaweza.

Baba wa Watatu #21

Nimeshalipa 35,000 kwa awamu, kijana anaandika nyuma ya daftari la hesabu la shule na ananipa nisaini. Yule mdogo kila asubuhi kabla ya chai anauliza kama Mtwara imenyesha. Mbegu anailaza kwenye kikombe juu ya kabati, tumekatazwa kukigusa.

Juzi bibi alipiga simu, akasema hana shida na mimi, anamtaka kijana. Wakazungumza mlango umefungwa. Alipotoka nikamuuliza mlikuwa mnaongea nini, deni? Akasema ndiyo, alimuuliza bibi kama nadaiwa na riba kwa miaka yote hii mitano. Bibi kamwambia riba ni haramu, asinidai hata senti. Ila nauli ya watu watano Desemba, kasema, hiyo si riba.